Injini imekaa, gari linasumbua: kutafuta kosa baada ya kubadili injini nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kazi nzito ameshaimaliza. Injini mbovu imeshuka, ya mtumba imepanda, boliti zimekazwa, na sasa gari ama haliwaki au linawaka kwa kusumbua. Nazungumzia zaidi Toyota zenye 1NZ-FE, injini ya cc 1497 iliyomo kwenye IST, Vitz, Platz, Funcargo na Probox, kwa sababu ndiyo niliyoizoea kwa mikono yangu na ndiyo imejaa mitaani kwetu. Mwenye 5A au 1ZZ naye atapata mengi humu, ila vipimo vyake atavitafuta vya injini yake.

Kabla ya kushika spana naomba tukubaliane jambo moja. Usianze kuishuku injini, anza na ulichokigusa. Waya, mipira, soketi na boliti ulizozifungua na kuzirudisha ndizo zenye kosa mara nyingi sana kuliko pistoni na beringi ambazo hukuzigusa. Nimeshuhudia injini nzima zikishushwa tena na kurudishwa dukani Gerezani, mtaa wa vipuri jijini Dar es Salaam, kwa sababu ya waya mmoja, na mwenye gari akalipia kazi mara mbili.

Na unaporudi chini ya gari kutafuta kosa, weka stendi mbili imara. Jeki peke yake haitoshi. Usipitishe hata mkono chini ya injini inayoning'inia kwenye mnyororo uliofungwa mwembeni. Injini hii pamoja na gia boksi inazidi kilo mia, na tawi la mwembe halitoi taarifa kabla ya kukatika.

Stata kimya, au injini inazunguka kwa kujivuta

Taa za dashibodi zinawaka vizuri, ukipiga stata unasikia "ta" moja tu, au injini inajivuta kama mgonjwa. Wengi hukimbilia betri, na si vibaya kuanza nayo. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6 ikiwa imetulia, na stata inapovuta isishuke chini ya 9.6. Ikifaulu hapo, iache.

Nenda kwenye waya wa ethi, ule unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini au gia boksi. Ndio unaosahaulika kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, kwa sababu kwenye kushusha hufunguliwa mapema na kwenye kupandisha hubaki umejificha nyuma ya bomba. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii, uani kwa shemeji yangu Mbagala, tulipiga stata mara tatu. Mara ya tatu moshi mwembamba ukaanza kupanda karibu na betri. Mzee mmoja fundi umeme, aliyekuwa amekaa barazani akinywa kahawa, aliinuka ghafla: "Mdogo wangu, acha! Kebo ya gia inaungua." Umeme wa stata ulikuwa umekosa njia yake ya kurudi kwenye betri, ukapita kwenye kebo ya gia. Ala yake ya plastiki ilikuwa imelainika kama nta. Nilipoigusa ilibaki na alama ya kidole changu.

Alichonifundisha mzee yule siku hiyo nakifanya mpaka leo. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha moja iguse kichwa cha hasi cha betri, nyingine iguse chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi yako haifai: imesahaulika, imelegea, au imekazwa juu ya rangi na kutu. Safisha kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, pima tena. Kazi ya dakika tano.

Ikiwa hata "ta" husikii, angalia waya mdogo wa stata, ule wa soketi moja, maana huwa unaning'inia pembeni wakati unakaza ule mkubwa. Kwenye otomatiki angalia pia soketi ya swichi ya gia iliyo juu ya gia boksi. Isiporudishwa, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haijui kama gia iko P, na stata haitapewa umeme.

Injini isipozunguka kabisa na umeme upo wote, toa plagi zote nne na ujaribu kuizungusha kwa spana kwenye boliti ya pule ya kranki, kwa mwelekeo wa saa. Ikizunguka na maji yakatoka kwenye matundu ya plagi, ilinyeshewa dukani. Ilikuwa inazunguka vizuri kabla ya kuiunganisha na gia boksi, na sasa imeganda? Simama hapo hapo. Usilazimishe. Soma sehemu inayofuata.

Toki konveta haikuingia mpaka mwisho

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili nimelifanya na lilinigharimu gia boksi nzima.

Toki konveta ni lile bakuli zito lililojaa oili, lililo kati ya injini na gia boksi ya otomatiki. Shingo yake inaingia kwenye gia boksi kwa ngazi: inashika meno ya shafti, inashika meno ya pili, na mwisho kabisa masikio yake mawili yanaingia kwenye pampu ya oili. Ukiisukuma tu itaonekana imekaa, kumbe imeishia ngazi ya pili. Inatakiwa uisukume huku unaizungusha taratibu, nayo itaingia kwa kudondoka, "tu", kisha "tu" tena. Ikiingia yote, uso wake unakuwa ndani ya mdomo wa gia boksi. Weka rula iliyonyooka juu ya mdomo huo uone nafasi iliyobaki.

Siku niliyokosea, injini na gia boksi zilikutana zikabakiza mwanya kama wa unene wa kidole. Nikafikiri pini za kuongozea zina kutu, nikaufunga mwanya kwa kukaza boliti zamu kwa zamu. Boliti zilikubali. Pampu ya gia boksi haikukubali, ilipasuka. Gari liliwaka, ukiweka D halisogei, na oili ikaanza kutiririka katikati ya injini na gia boksi.

Basi dalili zake ndizo hizi: mwanya usiofungika kwa mkono, injini iliyoganda baada ya boliti kukazwa, mlio wa kusaga pale tu inapowaka, gari kutosogea kwenye D wala R. Dawa pekee ni kutenganisha tena. Injini na gia boksi zinapaswa kukutana kwa kusukuma na kutikisa kwa mikono, boliti ni za kushikilia tu. Zikishakutana, kabla hujafunga boliti za konveta kwenye flaiwili, ile sahani ya chuma iliyo nyuma ya injini, pitisha bisibisi kwenye dirisha la chini ujaribu kuizungusha konveta. Iwe huru, na iwe na mchezo wa milimita chache kabla ya kugusa flaiwili.

Gari likikataa kusogea lakini uliunganisha vizuri, usiogope bado. Ulipochomoa shafti za magurudumu oili ya gia ilimwagika. Pima kwa kijiti chake injini ikiwa inanguruma, uongeze aina iliyoandikwa kwenye kijiti.

Inazunguka vizuri ila haiwaki

Kwanza soma kodi, yaani namba za makosa, kwa mashine. Siku hizi hata kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu kinatosha. Piga stata huku unaangalia namba ya mizunguko. Ikibaki sifuri wakati injini inazunguka kwa macho yako, kontroli boksi haipati habari ya kranki. Kodi yake ni P0335. Sensa hii kwenye 1NZ iko chini upande wa mnyororo wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti, karibu na pule ya kranki, na waya wake hubanwa kirahisi wakati wa kuingiza injini. Ufuatilie kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. P0340 ni ya sensa ya kamshafti, hiyo iko juu kwenye silinda hedi na ni rahisi kuifikia.

Mizunguko ikionekana, toa plagi moja uinuse. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na tatizo ni moto wa plagi au mpangilio. Ikiwa kavu kabisa, angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza petroli), soketi za nozeli zinazopuliza petroli, na kama mpira wa petroli umejipinda. Ukiwa na geji, presha ya petroli ya injini hii ni kama kPa 304 hadi 343. Umeshapiga stata sana na plagi zimezama? Kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata bila kuachia. Injini itapuliza petroli nje na mara nyingi itashika.

Sasa kosa ninalolipenda kwa sababu linatisha bure: injini inataka kuwaka, inapiga chafya kwenye bomba la hewa, inatetemeka, inakataa. Mtu anasema mnyororo umeruka. Subiri. Soketi za koili, zile zinazotoa moto wa plagi, zote nne zinafanana, na za nozeli zinafanana. Ukibadilisha ya 2 na ya 3 zitaingia bila shida, na gari litakuwa na silinda mbili tu zinazofanya kazi. Silinda namba 1 ni ile ya upande wa mnyororo, na moto unakwenda 1-3-4-2. Weka kila soketi mahali ambapo urefu wa waya wake unaifikisha bila kuvutwa. Mnyororo ukiwa kweli umekaa vibaya, utaona P0016, au kwenye Toyota za miaka ya mwanzo P1346, hata baada ya kupanga soketi zote.

Na usibadili kontroli boksi kwa kuwa tu muuzaji amekupa iliyokuja na injini. Kama gari lina ufunguo wenye chipu, kontroli boksi ngeni haitautambua, na injini haitawaka au itawaka sekunde moja na kuzima. Bakia na yako.

Inawaka, ila inanguruma juu au inazimika

Ikiwa imepata moto na hukanyagi mafuta, 1NZ hutulia karibu na mizunguko 700 kwa dakika. Ikikaa 1,500 au 2,000 inavuta hewa ambayo haijapita kwenye sensa ya hewa. Kanyaga breki. Pedali ngumu kama jiwe? Mpira wa busta ya breki haujarudishwa. Uchomeke kabla gari halijasogea hata hatua moja. Pedali ikiwa sawa, pitia mipira midogo nyuma ya manifodi ya hewa, kisha lile bomba pana la hewa kati ya sanduku la chujio na trotoli, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Huwa na nyufa chini ya mikunjo yake ambazo zinaonekana tu ukilikunjua. Inayowaka na kuzima papo hapo, tazama soketi ya sensa ya hewa kwanza.

Kuna suala la trotoli pia. 1NZ za awali trotoli yake inavutwa kwa waya, za baadaye ni ya umeme. Ukinunua injini ya trotoli ya umeme kwa gari la waya, soketi hazitaingia, na hapo ndipo mafundi huanza kukata na kuunga waya. Usikate. Chukua manifodi ya hewa ya injini yako ya zamani, pamoja na trotoli na sensa zake, uifunge kwenye mpya kwa gasketi mpya. Kwa sababu hiyo injini ya zamani isiuzwe chuma chakavu mpaka gari litembee wiki mbili.

Inagonga

Hakuna sauti inayovunja moyo kama hii. Umetumia akiba yako, injini inawaka, na chini kunasikika "ko-ko-ko". Kwanza kabisa, taa ya oili imezimika? Kama inawaka, zima injini sasa hivi. Kwa kweli taa hii ingetakiwa ishughulikiwe kabla: injini iliyokaa dukani pampu yake imekauka, hivyo unatoa plagi, unachomoa fyuzi ya EFI, unapiga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo unafunga plagi na kuwasha.

Taa ikiwa imezimika na bado inagonga, usimpigie muuzaji simu. Fungua kifuniko kidogo cha chini cha gia boksi uangalie boliti sita za toki konveta. Boliti moja ikilegea, au flaiwili ikiwa na ufa kuzunguka kitovu chake, sauti yake inafanana na ya konirodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, kiasi kwamba fundi wa miaka ishirini anaweza kudanganyika. Mimi huzitofautisha hivi: injini ikinguruma, nachomoa soketi ya koili moja, narudisha, nachomoa ya pili, hadi ya nne. Konirodi ikiwa mbovu, kugonga kwake hupungua sana silinda yake inapozimwa. Boliti za flaiwili hazijali silinda ipi imezimwa, lakini mara nyingi sauti hubadilika ukiweka D huku umekanyaga breki. Bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku na mpini kwenye sikio, itakuonyesha sauti inatoka upande wa gia boksi au katikati ya sampu, bakuli la oili la chini.

Mlio mwepesi wa "tik-tik" unaopungua injini ikipata moto, hasa ukiambatana na harufu ya moshi, ni gasketi ya eksozi. Kaza nati zake au weka gasketi mpya.

Inachemsha

Jiulize injini ya kwanza ilikufa kwa nini. Kama ilikufa kwa kuchemsha, kilichoiua bado kimo ndani ya gari: rejeta iliyoziba, feni dhaifu, mfuniko wa rejeta usioshika presha. Injini mpya haiviponyi. Nilisaidia jirani yangu ambaye injini yake ya pili ilikwenda siku tisa tu. Tulipoikata rejeta, mirija mingi ilikuwa imejaa tope jekundu la maji ya bomba ya miaka. Kwa hiyo rejeta ioshwe au ibadilishwe siku ile ile injini inapopanda, na utie kulanti.

Kama rejeta ni nzima, tatizo linalofuata ni hewa iliyonasa. Dalili: geji inapanda, lakini mpira wa chini wa rejeta ni wa baridi. Inua pua ya gari, fungua hita mpaka mwisho, jaza rejeta mfuniko ukiwa wazi injini ikiwa ya baridi, washa, na ukandekande mpira wa juu. Viputo vitatoka. Themostati hufunguka karibu nyuzi 82. Hapo maji yatashuka ghafla, ongeza. Usifunge mfuniko mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Na usiitoe themostati eti Dar kuna joto. Injini isiyofika joto lake hunywa mafuta zaidi na kuchakaa mapema.

Feni ikizunguka muda wote tangu unapofungua swichi, karibu kila mara ni soketi ya sensa ya joto la maji imesahaulika. Viputo visivyokwisha vyenye harufu ya moshi, hata baada ya saa nzima, ni gasketi ya silinda hedi. Hiyo ni ya injini yenyewe, na ndiyo inayotupeleka kwenye swali la mwisho.

Kabla ya hapo, jambo moja kwa haraka: mtetemo unaokuja kwenye D na kupotea kwenye N ni wa mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Zilegeze zote, tikisa injini ikae yenyewe, kisha kaza.

Pale injini ndiyo mbovu kweli

Umepitia yote na bado inamisi, inatoa moshi wa bluu, haina nguvu. Pima kompresheni, injini ikiwa imepata moto, plagi zote nje, fyuzi ya EFI imechomolewa, trotoli imefunguliwa yote. 1NZ-FE nzima hutoa karibu psi 213, na kiwango cha chini kinachokubalika ni 156. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Tia oili kijiko kimoja kwenye silinda iliyo chini upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, ni valvu au gasketi. Andika namba nne kwenye karatasi, zipige picha pamoja na geji, ndipo uende kwa muuzaji. Namba hazibishaniwi kama "inagonga gonga".

Angalia pia ulichouziwa. 1NZ-FXE ya Prius ni ndugu wa 1NZ-FE na kwa nje zinafanana sana, lakini imetengenezwa ifanye kazi pamoja na mota ya umeme, na ikiwa peke yake kwenye IST itakuwa nzito hata kwenye kamwinuko kadogo. Herufi zimegongwa kwenye bloku. Zisome kabla ya kulipa.

Karibu na herufi hizo ndipo ilipo namba ya injini, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Ukishabadili injini, kadi na gari havilingani mpaka uende TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na risiti ya ulikonunua wakabadilishe taarifa. Kwa Kenya ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Piga picha ya namba injini ikiwa bado iko chini. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha ikauke, paka chaki nyeupe juu yake kisha ifute kwa kiganja. Chaki itabaki kwenye mashimo ya tarakimu peke yake, na utasoma hata ile iliyoliwa na kutu. Injini ikishapanda na bomba zikafungwa, utaitafuta kwa kioo na tochi.